Bei ya mwisho inakatwa ku nyumba, si ku simu

Kila mara kampuni inamaliza mikataba na kulipa « décompte final », ao prime ya mwisho wa mwaka inaingia ku banki, habari moja inatembea mu kambi na mu cité, toka Kolwezi mpaka Likasi na Lubumbashi: kuko motokari ku mnada wa intaneti, bei iko chini, mutu anabonyeza simu tu na anashinda. Kijana anaonyesha picha. Jirani anasema shemeji yake alipata Toyota IST kwa bei ya pikipiki mbili. Hapo hapo baba wa nyumba anaanza kuhesabia feza yenye haijalala ata juma moja ku banki.

Hatuandiki hapa ili kusema muache mnada. Mnada si dhambi. Ni njia ya kununua sawa zingine, na mara mingi bei yake inapita kwa uzuri ile ya parking ya motokari mu mji. Lakini iko na kanuni zake, na mgeni mwenye anaingia bila kuzijua anafanana na mchimbaji mwenye anashuka mu shimo bila kamba. Neno letu la leo ni hili: mbele ya kufungua simu, andika bei yako ya mwisho. Uiandike ku nyumba, pamoja na mwenzako wa nyumba, na usiipandishe tena.

Feza ya mara moja

Wazee wanakumbuka. Mu mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi 10 655 wa Gécamines walitoka ku kazi kwa ile iliitwa « départs volontaires », na feza yao ikalipwa kwa msaada wa Banki ya Dunia. Ilikuja mara moja, nyuma ya miezi mingi bila mshahara. Wengine walilipa madeni, wengine walijenga, wengine walinunua motokari ili ikuwe taxi. Mu nyumba mingi ile feza iliisha mbele ya watoto kumaliza masomo.

Tunakumbusha jambo hili bila kumcheka mutu. Feza yenye inakuja mara moja haifanani na mshahara. Mshahara ukipotea mu mambo ya bure, ni uchungu, lakini mwezi kesho unarudia. Décompte hairudi. Njo maana mutu wa mgodi, kupita watu wengine wote, anapashwa kuingia ku mnada na akili ya mchana, si na moto wa mangaribi.

Soko na mnada

Ku soko tunajua namna ya kusema bei. Mama anauliza: « Bei ya mwisho ngapi? » Muuzishaji anakata, mama anageuka kama anaenda, muuzishaji anamuita. Kila mutu anaona mwenzake, na bei inashuka.

Ku mnada kazi hii inageuka. Muuzishaji hasemi bei ya mwisho. Ni sisi wanunuzi wenye tunasukumana, na bei inapanda. Hakuna mwenye atakuita urudi. Kwa hiyo swali la soko unapashwa kujiuliza weye mwenyewe, mbele ya kuanza: « Bei yangu ya mwisho ngapi? » Mwenye hana jibu, watu wengine watamutafutia jibu, na watamutafutia la juu.

Tena kuko vipimo mbili, na wageni wengi wanavichanganya. Kipimo cha kwanza ni cha nyumba ya mnada ao cha komisyonere. Mgeni anaombwa kuweka caution, na kufatana na ile caution wanamwambia anaweza kutupa bei mpaka dola fulani, ao ku motokari fulani tu. Wanafanya hivi ili kujilinda wao, juu wageni wanaweza kushinda na kukimbia bila kulipa. Kipimo cha pili ni chako. Wakikuambia unaweza kupanda mpaka dola 5 000, hawasemi kama weye uko na dola 5 000 za kupoteza. Wanasema tu kama wao hawataumia.

Na uangalie: ukitupa bei ku motokari tatu siku moja, ukisema « moja tu itapatikana », unaweza kushinda zote tatu. Ukikataa mbili, caution inakwenda. Mgeni atupe bei ku kintu kimoja, angojee jibu, kisha aende ku kingine.

Hesabu inatoka ku mwisho

Namna gani bei ya mwisho inakatwa? Watu wengi wanaanza na bei ya motokari, kisha wanaongeza vingine. Sisi tunasema: anza ku mwisho, ku feza yote yenye uko nayo, na utoshe polepole mpaka ufike ku mnada.

Tuseme baba moja wa Kolwezi iko na dola 8 000. Namba zenye zinafuata ni za mfano tu, kila mutu aulize zake. Kwanza anaweka pembeni dola 1 500 za masomo, za posho na za ugonjwa. Hizi hazionani na motokari kabisa. Inabaki 6 500. Meli toka Japani mpaka Dar es Salaam: 1 500. Kutoka Dar, motokari inapita Tunduma na Nakonde, inakata Zambia yote mpaka Kasumbalesa. Dereva, essence na karatasi za njia: 1 000. Duane na vyeti vya mpaka, pamoja na mushahara wa déclarant: 1 600. Plaki na assurance: 300. Komisyonere mwenye anatupa bei kwa jina lako: 300. Pneus, batterie na vile vyenye havikuonekana ku picha: 400. Vyote pamoja ni dola 5 100. Toa mu 6 500, inabaki 1 400.

Bei ya mwisho ya huyu baba ku mnada ni dola 1 400. Si 8 000, si 6 500, ata si 2 000. Akiona motokari imefika 1 450, ile motokari si yake, ata kama rangi yake ni ile mama anapenda.

Kuko jambo lingine lenye linafichama. Duane haihesabii ku motokari peke yake, inahesabia ku bei ya motokari pamoja na meli na assurance ya njia. Kama ushuru ni 10 kwa mia, na TVA ya 16 kwa mia inawekwa juu yake, basi kila dola 100 zenye unaongeza ku mnada zinageuka dola 127 na senti 60 ku mpaka. Wakati unasema mu roho « nitaongeza 100 tu », unaongeza karibu 130. Na duane inaweza kukataa bei ya fakture yako na kuhesabia ku bei yenye wao wanaona ni ya kweli. Njo maana wa déclarant wazuri wanaulizwa mbele ya mnada, si wakati motokari iko inalala mu parking ya Kasumbalesa na kila siku inalipishwa.

Umuulize vilevile kanuni ya leo juu ya umri wa motokari na juu ya upande wa usukani. Japani wanatembea kushoto na usukani wao uko kuume. Congo tunatembea kuume. Motokari yenye inazuiwa ku mpaka haina bei rahisi, ata kama uliipata kwa dola 500.

Bahasha na mashine

Si kila mnada unafanyika namna moja, na bei ya kutupa haifanani mu kila mnada. Kwa mgeni namna mbili njo za maana zaidi.

Namna ya kwanza ni ya bahasha. Mara zingine makampuni ya mgodi yanauzisha vintu vyenye yametosha ku kazi: Land Cruiser za zamani, groupes, ma pompe, meza za biro. Kila mutu anaandika bei yake mara moja, ku karatasi ao ku intaneti, bila kuona ya wengine. Mwenye aliandika ya juu anashinda, na analipa ile aliandika. Hapo usiandike bei yako ya mwisho kamili. Ukiandika 1 400 na mwenye anakufuata aliandika 900, umelipa 500 za bure. Shuka chini ya mwisho wako: kama wenye wanashindana ni wachache, shuka sana, kama ni wengi, shuka kidogo. Andika bei yenye ukiipata utafurahi, si ile yenye ukiipata utapona tu.

Namna ya pili ni ya mashine. Ku eBay, kwa mfano, unaandika bei yako ya mwisho na mashine inaificha. Mashine inapanda kwa jina lako hatua kwa hatua, paka pale inafaa ili ushinde mwenzako. Umeandika 1 400, mwingine mwisho wake ni 1 100: utalipa 1 100 na hatua moja kidogo, tuseme 1 120. Hapo ni vizuri kuandika bei ya mwisho ya kweli, juu kuandika ya chini hakukupunguzii kintu, kunakupotezesha tu motokari. Mwalimu William Vickrey wa Chuo Kikuu cha Columbia, ku New York, alionyesha jambo hili mu mwaka 1961: mahali mshindi analipa bei ya mwenye anamufuata, mwenye akili anaandika ile bei anaona kweli mu roho yake. Mu 1996 alipewa zawadi ya Nobel kwa kazi zake.

Ku minada ya motokari ya Japani, mutu wa inje haingii peke yake. Nyumba kubwa kama USS zinapokea paka wa memba, wafanyabiashara wenye walijiandikisha. Motokari moja inapita mu kitambo kidogo sana, ata dakika moja haitimii mara mingi, na ingine inafuata. Kwa hiyo unamupa komisyonere mwisho wako, na yeye anabonyeza. Swali lako la kwanza kwake likuwe hili: « Ukiipata chini ya mwisho wangu, mimi nalipa bei gani? » Mwenye haki atajibu: bei ya mnada, na mushahara wangu wenye tulipatana, na nitakuonyesha karatasi. Kama anajibu kwa kuzunguka, tafuta mwingine.

Juu ya nini mshindi analia

Hapa tunafika ku jambo lenye wachimbaji wataelewa kupita watu wa biro.

Mu mwaka 1971, mainjinia watatu wa kampuni ya petroli Atlantic Richfield ku Marekani, Capen, Clapp na Campbell, walieleza juu ya nini makampuni yenye yalishinda viwanja vya petroli mu bahari ya Ghuba ya Mexico yalikuwa yanapata faida kidogo. Hakuna mwenye alijua petroli ngapi iko chini. Kila kampuni ilipima kwa namna yake. Wengine walipima chini, wengine juu, wengine karibu na ukweli. Nani alishinda? Ni mwenye alipima juu kupita wote. Basi kushinda kwenyewe kulikuwa alama kama labda amekosea. Wataalamu wanaita jambo hili laana ya mshindi.

Uangalie ku depo za Musompo. Leta mufuko moja wa madini mbele ya wanunuzi kumi, bila mashine ya kupima teneur. Kila mutu anaangalia rangi, anainua uzito, anasema bei. Moja atasema teneur ni 2, mwingine 3, mwingine 5. Ukiwaachia washindane, mufuko utakwenda kwa yule wa 5. Nyuma ya laboratware, teneur ni 3. Hakuna mwenye alimuiba. Alishinda kwa sababu alikosea kupita wote.

Motokari ku picha ni ule mufuko bila teneur. Kwa hiyo mafundisho ni mbili. La kwanza: kile hukukiona vizuri, kitolee bei ya chini kuliko ile roho inasema. La pili linashangaza wengi: wakati wapandishaji ni wengi, uogope zaidi. Mgeni akiona watu ishirini wanagombania motokari moja, anasema « kumbe ni nzuri sana, niongeze ». Mutu mwenye akili anasema: « Mu watu ishirini hapa, kuko paka moja mwenye alipima vibaya sana. Nisikuwe mimi. »

Laboratware ya motokari

Bahati ni kwamba motokari ya mnada wa Japani iko na laboratware yake: karatasi ya ukaguzi. Mutu wa mnada, si muuzishaji, anaipima na kuandika namba. 6 na 5 ni karibu mpya. 4,5 na 4 ni nzuri. 3,5 imetumika lakini inafaa. 3 na chini iko na maneno. R ao RA maana yake iligongana ikatengenezwa. Kwa ndani kuko herufi: A ni safi, B inafuata, C na D ni chafu ao imechakaa.

Kisha kuko mchoro wa motokari na alama. A ni mkwaruzo, U ni mahali paliboboka, W ni mahali palinyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, C ni kutu yenye inakula chuma, X ni kipande cha kubadilisha, XX ni chenye kimekwisha kubadilishwa. Namba pembeni inasema ukubwa: A1 ni kidogo, A3 ni kubwa. Tena kuko maneno yenye mkaguzi aliandika ku Kijapani, na mara mingi njo pale moteri na boîte vinasemwa. Lipa mutu akugeuzie yale maneno. Dola kumi za kugeuza maneno ni afazali kuliko boîte ya 600.

Komisyonere mwenye anasema « karatasi haina maana, mimi najua motokari » hakupi motokari, anakupa mufuko bila kupima. Usitupe bei ku motokari yenye hukuona karatasi yake.

Moto wa dakika ya mwisho

Minada mingine inafunga ku saa yenye imewekwa. Pale watu wanajificha, kisha ku sekunde za mwisho kila mutu anarusha bei. Minada mingine inaongeza dakika kila mara bei inapanda. Wa papa wengi wanapenda kubaki macho mpaka mwisho. Sisi tunaona hatari mbili.

Ya kwanza ni ya kwetu: rezo inapotea, umeme wa SNEL unakatika, simu inazima. Kama mashine inapokea bei ya mwisho, iachie bei yako mapema na ulale.

Ya pili iko mu roho. Wakati unaona jina lingine linakupita, motokari inaanza kufanana na yako yenye mutu anakunyanganya. Unasema: « Bado 50 tu. » Na mwingine anasema vile vile. Ile 50 inarudia mara nane, na sasa ni 400. Hapo hamununui tena motokari, munanunua kushinda. Wala hujui kama ule mwingine ni mnunuzi wa kweli; kuko wauzishaji wenye wanatuma rafiki apandishe bei. Kwa mwenye iko na bei iliyoandikwa, ule mwizi hana nguvu: atapanda mpaka 1 400, kisha atabaki peke yake na motokari yake.

Mwenye anapoteza mnada hajapoteza kintu. Ku USS Tokyo, motokari maelfu zinapita kila Alhamisi, na Tokyo si peke yake. Ukikosa leo, juma kesho kuko ingine sawa ile. Tunawaomba wageni waangalie minada tatu ao ine bila kutupa bei, waandike mu kaye: namna gani ya motokari, mwaka, namba ya karatasi, bei ya mwisho. Nyuma ya mwezi moja utajua bei kupita ule mwenye anakushauri.

Na feza ya kuongeza isitoke ku « banque Lambert ». Kuko yenye inaomba 50 kwa mia ku mwezi moja. Motokari toka Japani inatembea wiki mingi mbele ya kufika. Wakati inafika, deni limekwisha kuzaa watoto. Vilevile feza ya likelemba ni ya watu wote wa likelemba. Mwenye anaiweka ku mnada anachezesha jasho la wengine.

Wezi mu mavazi ya mnada

Ku WhatsApp na ku Facebook kuko matangazo ya motokari zenye « duane ilikamata », ya camion za kampuni « zenye zinauzishwa leo leo », na bei nusu ya soko. Picha ni za kweli, lakini zilitolewa mahali pengine. Alama tatu zinatosha kukimbia. Ya kwanza: wanakuharakisha, wanasema saa moja imebaki. Ya pili: wanaomba feza itumwe ku namba ya simu ya mutu, ao ku konti yenye jina la mutu, si ya kampuni. Ya tatu: hawataki utume ndugu ao rafiki kuona kintu ao kuona biro yao.

Kama ni komisyonere wa hapa kwetu, fanya naye karatasi mbele ya kumupa franka moja: jina lake kamili, kazi yake, mushahara wake, bei yako ya mwisho kwa namba na kwa maneno, na siku ya kurudisha caution kama hukushinda. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Neno kwa wenye nguvu

Mzigo wote usiwekwe juu ya mfanyakazi. Makampuni yenye yanauzisha vintu vya zamani kwa wafanyakazi wao yatoe mambo matatu: siku za kutosha za kuvitazama, karatasi yenye inasema nini kimeharibika, na bei ya chini yenye haishuki. Camion yenye fundi wa garage anajua kama moteri yake imekufa, na mfanyakazi wa galeri hajui, si mnada wa haki.

Wa délégués wa syndicat, nao, wanajua mapema siku ya kulipa décompte. Waite watu mbele ya ile siku, si nyuma. Saa mbili mu sale, tableau moja na mutu moja mwenye anajua duane, vinaweza kuokoa feza ya miaka kumi ya kazi. Na wa komisyonere wenye wanafanya kazi kwa haki wakubali mikataba iandikwe mu luga yenye mnunuzi anasoma. Kazi yao itaaminiwa zaidi.

Neno la mwisho tunalipeleka mu nyumba. Mara mingi baba anajua motokari, na mama anajua feza ya nyumba inatoka namna gani kila siku. Hesabu ya bei ya mwisho inaomba akili zote mbili. Mukae pamoja, mutoe masomo, posho na dawa kwanza, muandike namba mu kaye na kila mutu atie sinyatire yake. Kisha ile kaye ibaki kwa mama wakati wa mnada. Baba akitaka kupita ile namba, aende kwanza kumuomba, na amuambie waziwazi ile 100 ya kuongeza itatoka ku mtoto gani.